Steshenari ya nyuma ya soko la Mwanga: kazi niliyowapa na walivyoishika

Mwezi uliopita nilitaka kijitabu cha kurasa 12 na karatasi mbili kubwa za ukutani kwa somo langu la uraia, kidato cha tatu, hapa Ujiji, Kigoma. Nikapanda daladala mpaka Mwanga, nikaingia steshenari moja nyuma ya soko, ile yenye mlango wa bluu na benchi nje. Nimeona niwaandikie wenzangu, hasa walimu, maana kazi ya kuchapwa kutoka mwandiko wa mkono huwa inatutesa sana.

Kijitabu chenyewe kinamhusu Soraya Post. Alizaliwa mwaka 1956 Gothenburg, Uswidi, ni Mroma, yaani wa jamii ya Waroma waliotawanyika Ulaya, na mwaka 2014 alichaguliwa kuingia Bunge la Ulaya kwa tiketi ya chama cha kutetea haki za wanawake kilichopata asilimia 5 na kidogo tu ya kura. Nilimchagua kwa sababu yangu mwenyewe. Mimi ni Muha, kabila la huku Kigoma, mpakani na Burundi. Niliwahi kwenda kushughulikia karatasi zangu kwenye ofisi moja nje ya mkoa, nikaulizwa babu yangu alizaliwa wapi, kisha baba yake babu. Wenzangu kwenye foleni hawakuulizwa. Watoto ninaowafundisha nao watakutana na swali hilo siku moja, nikataka wajue kuna watu wameishi nalo karne kwa karne, na kuna waliolipeleka bungeni.

Aliyechapa ni dada mmoja kijana, anayesoma mwandiko wangu bila kuuliza uliza. Kosa lilikuwa moja, ila lilijaa kila ukurasa: aliandika “Warumi” kila nilipoandika “Waroma”. Mkono wake umezoea Biblia. Nikamweleza kwamba hawa si watu wa Roma ya Italia, asili yao ni India, na lugha yao ina undugu na Kihindi. Hakunung'unika. Alirudi mwanzo, akasahihisha neno moja moja kwa macho, kwa sababu kwenye sura ya historia kuna mahali nimewataja Warumi wenyewe na hakutaka kuwafuta.

Alipofika ukurasa wa nne akaacha kuchapa. Ni pale panapoeleza kuwa mama yake Soraya, akiwa na mimba ya miezi saba, alilazimishwa kuitoa, kisha akafungwa kizazi, kwa kuwa ni Mroma. “Mwalimu, hii ni nchi gani?” Nikamwambia Uswidi, hiyo hiyo inayosifiwa kwa haki. Sheria ya kufunga watu kizazi ilianza mwaka 1934 na ikadumu mpaka miaka ya sabini. Na kuanzia 1914 hadi 1954 Waroma walikatazwa kabisa kuingia nchini humo. Akamwita mama mwenye duka aje asome. Mama alisoma akiwa amesimama, miwani mkononi, akasema tu, “Endelea, mwanangu, usikosee hapo.”

Kurasa zilizobaki zilikwenda haraka. Miaka mitano bungeni, 2014 mpaka 2019: mwaka 2015 Bunge lilitaka tarehe 2 Agosti iwe siku ya kuwakumbuka Waroma waliouawa na Wanazi, na Oktoba 2017 likapitisha azimio la kupinga chuki dhidi ya Waroma, ambalo ripoti yake aliiandaa yeye. Chama chake kilipokosa kiti mwaka 2019, akatoka. Kwangu hilo azimio ndilo kubwa kuliko yote. Kabla yake maneno mengi yalikuwa “tuwasaidie Waroma”, kana kwamba tatizo ni wao. Yeye akalielekeza kwa anayechukia.

Sasa bei. Kuchapa ni shilingi 1,000 kwa ukurasa, kopi 100, karatasi ya A3 ya rangi pamoja na kufunikwa plastiki 5,000. Nilitoa kopi 20, wanafunzi wakasoma wawili wawili. Jumla 46,000, risiti nikapewa bila kuiomba. Pini walizipiga vizuri, hakuna karatasi iliyochomoka mpaka leo.

Kasoro ipo, na niliwaambia usoni. Karatasi moja ya ukutani ni bendera ya Waroma: bluu juu, kijani chini, gurudumu jekundu katikati. Ndiyo iliyokubaliwa kwenye mkutano wao wa kwanza wa dunia, karibu na London, mwaka 1971. Wino ulikuwa unaisha, kijani kikatoka kimefifia kama maji ya mchicha, na kijana wa mashine akataka kuifunika plastiki hivyo hivyo. Nilikataa. Walichapa upya kesho yake bila kuniongezea hata shilingi, lakini nauli ya kurudi ilikuwa yangu, na kipindi kikasogea siku mbili.

Nitarudi kwao. Ukiwa na kazi ya maandishi, nenda asubuhi na umwombe yule dada, mchana foleni ya fomu za maombi hujaa mpaka nje. Ukiwa na kazi ya rangi, dai karatasi moja ya majaribio kwanza kabla hawajawasha mashine ya plastiki. Ile bendera iliyofifia mama mwenye duka hakuitupa. Ameibandika ukutani juu ya mashine ya kopi, na wateja wanamuuliza ni ya nchi gani.