Gego Lililonusurika Kung'olewa: Uzoefu Wangu wa Picha na Matibabu ya Jino Malindi

Hapa kwetu Malindi jino likivunjika, shauri la kwanza analopewa mtu ni kuling'oa. Ndivyo nilivyoambiwa na jamaa zangu wote gego langu la chini, lililokuwa limezibwa miaka mingi nyuma, lilipopasuka, na maumivu yakawa yananipanda hadi sikioni kila nikinywa maji baridi. Daktari wa kliniki niliyokwenda alikataa kuamua lolote kabla ya kupiga picha ya eksirei, na kwa hilo namshukuru sana.

Kifaa kidogo bapa kiliwekwa mdomoni kando ya gego, nikakiuma kwa kishikio chake, na mara moja picha ikatokea kwenye kompyuta. Meno na mfupa vilikuwa vyeupe kwa sababu huzuia miale, sehemu iliyooza ikawa nyeusi, na kwenye ncha ya mzizi palikuwa na kivuli, dalili kwamba maambukizi yalikuwa yameanza kuula mfupa. Kisha akapiga ya pili kwa kuipindisha mashine kidogo, akanieleza kwamba gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili lakini mifereji (vijia vyembamba vya ndani ya mizizi) mitatu au hata minne, na ile ya mzizi wa mbele hufunikana ikipigwa picha ya moja kwa moja. Mfereji ukisahaulika, uchafu hubaki ndani na usaha hurudi. Nilipouliza kuhusu mionzi, alinijibu kwamba ya picha ndogo kama hiyo haizidi ile ya asili ambayo kila mtu huipata kwa siku chache.

Basi tukaamua kutibu mzizi badala ya kung'oa jino, na sindano ya ganzi ilifanya kazi vizuri. Jino lilitengwa kwa pazia la mpira ili mate yasiingie, mifereji ikasuguliwa kwa vyuma vyembamba na kuoshwa kwa dawa, halafu ikajazwa gutapecha, utomvu wa mti unaolainika kwa joto. Picha nyingine ilithibitisha kwamba ujazo umefika karibu na ncha. Kwa kuwa ukuta mmoja wa jino ulikuwa umekwisha, kuziba tu kusingetosha, kwani gego hubeba nguvu kubwa ya kutafuna na lingeweza kupasuka hadi mzizini. Ndiyo maana lilivalishwa kofia ya zirkonia, yaani kauri ngumu.

Lisilonipendeza ni kwamba gharama ya kofia, iliyozidi ile ya kutibu mzizi, sikuambiwa hadi mifereji ilipokwisha kuzibwa. Mgonjwa anastahili kujua hesabu yote tangu mwanzo, na ni vyema uiulize kabla ya kukaa kwenye kiti.

Sasa natafunia upande huo bila shida. Picha ya karibuni inaonyesha kivuli kimepungua, ingawa daktari ataipiga nyingine baadaye ili ahakikishe mfupa umejaa. Nakala zote nimetumiwa kwenye simu, na nakushauri nawe uzidai zako, ili ukitibiwa kwingine usianze upya.