DT 770 Pro za omu 250: je, simu inazitosha?

Kazi yangu ni kusafisha rekodi za kasida na Maulidi hapa Lamu, na chumba changu cha Langoni kimepakana na kichochoro cha punda. Hedifoni za wazi, zinazopitisha sauti za nje, hazinifai kabisa. Ndiyo maana nikachukua Beyerdynamic DT 770 Pro, zinazofunika sikio lote. Zipo za omu 32, 80 na 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme); mimi nilizipata za 250 kwa jamaa wa Mombasa aliyekuwa akifunga studio yake.

Nikizichomeka kwenye simu, Bongo Fleva inasikika bila taabu. Nikifungua rekodi mbichi ya msikitini, msomaji yuko mbali, hata nikipandisha sauti hadi mwisho. Hesabu yake ni hii: miliwati 1 kwenye hedifoni hizi hutoa desibeli 96. Simu ikitoa nusu volti kwenye omu 250, unapata hiyo miliwati 1 basi. Nusu volti hiyohiyo kwenye omu 32 ni karibu miliwati 8, yaani kama desibeli 105. Wimbo wa redio umeshabanwa, yaani tofauti ya sauti ndogo na kubwa imepunguzwa, na kupandishwa, kwa hivyo kidogo kinautosha. Rekodi mbichi iko chini, inataka msukumo zaidi.

Amplifaya ndogo ya mezani inayofika volti 4 imemaliza tatizo. Kifundo hakivuki hata nusu, na hakitakiwi kuvuka, maana masikio ni haya mawili tu. Sasa namsikia msomaji akivuta pumzi kabla ya kuanza, na naweza kutenganisha matwari. Ila wanaosema amplifaya inazigeuza kuwa hedifoni nyingine wanatia chumvi: besi ni ileile, imeongezeka nguvu tu.

Omu peke yake isikudanganye. Hedifoni za planari, zinazotoa sauti kwa utando bapa kati ya sumaku, mara nyingi zina omu chache na bado zinakula umeme, kwa sababu usikivu wake, yaani desibeli zinazotoka kwa kila miliwati, ni mdogo. Angalia desibeli pia. Na vile vidogo vya kuziba sikio, vya omu 16, vinataka amplifaya ambayo impidansi yake ya kutolea (ukinzani wa upande wake inapotoa sauti) haizidi omu 2 hivi, la sivyo besi inaweza kuyumba.

Vitambaa vya masikioni ni vya mahameli. Joto la kaskazi navumilia.

Msikilizaji wa simu tu achukue za 32. Mpwa wangu ana za 80, anahariri kwa kompyuta na kadi ya sauti ya kurekodia, na hajanunua amplifaya.