Nilirudi Palazzo Pitti kwa ajili ya mchoro mmoja

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga, na sasa nakata vitambaa kiwandani Prato. Wenzangu mlioko Italia, au mnaopita Florence, nunueni tiketi ya Galleria Palatina, jumba la michoro lililo ndani ya kasri la Palazzo Pitti, hata kama mtatazama mchoro mmoja tu. Uko chumba kiitwacho Sala di Marte: "Madhara ya Vita" wa mchoraji Peter Paul Rubens, wa mwaka 1638, uliochorwa kwa ajili ya Ferdinando II de' Medici, mtawala wa Toscana.

Mara ya kwanza nilikwenda na kikundi. Mwongoza watalii tuliyemlipa alisema "Rubens, Baroko, miili minene," akatuhimiza tuendelee. Baroko ni mtindo wa sanaa wa Ulaya wa karne ya 17, wenye mwendo na hisia nyingi. Niliumia, maana nilikuwa nimeshaona kitu pale na sikupata nafasi ya kukielewa. Nikatafuta barua ambayo Rubens alimwandikia mchoraji mwenzake Justus Sustermans, aliyekuwa Florence, tarehe 12 Machi 1638, akimweleza mchoro huu mtu kwa mtu. Isomeni kabla ya kwenda. Kisha nikarudi peke yangu.

Anzeni kushoto. Mlango wa hekalu la Janus, mungu wa Warumi wa kale, uko wazi. Warumi waliufunga wakati wa amani. Mars, mungu wa vita, ameshatoka, upanga una damu. Venus, mungu wa mapenzi na mpenzi wake, amemkumbatia mkono asiende, lakini upande wa pili Alekto, pepo wa hasira mwenye mwenge wa moto, anamvuta. Mchoro wenyewe una upana wa zaidi ya mita 3, na miili yote imelalia kulia, kama watu wanaoporomoka kwenye mteremko. Huo ndio Ubaroko wenyewe: hakuna aliyesimama wima akatulia. Rangi nazo zinafuata mwendo huo, upande wa Venus ngozi inang'aa, upande wa mwenge ni moshi na giza. Chini wameangushwa mwanamke mwenye kinanda cha nyuzi kilichovunjika, mama na mtoto wake, na mjenzi aliyelala chali na vifaa vyake mkononi. Mars anakanyaga kitabu.

Lakini niliyemtazama kuliko wote ni mwanamke wa nyuma ya Venus, mwenye nguo nyeusi, mikono juu, analia. Shela lake limechanika na hana hata kipuli. Rubens anasema vito vyake vyote vimeporwa. Ndiye Ulaya, bara lenyewe katika umbo la mwanamke. Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoliharibu bara hilo, vilianza mwaka 1618, na alipokuwa akichora vilikuwa bado vina miaka kumi mbele. Nimeshona nguo nyingi za msiba, najua kitambaa cheusi kinavyomkalia mtu aliyechoka kulia. Rubens alikijua hicho.

Tena hakuwa mtu wa kusikia vita kwa mbali. Alitumwa kama balozi kutafuta amani kati ya Uhispania na Uingereza, na mwaka 1630 amani ikapatikana. Akiwa London alimchorea mfalme Charles I mchoro mwingine, ambao leo uko National Gallery ya huko huko London: humo Minerva, mungu wa kike wa hekima, anamsukuma Mars nje, na watoto wanakaribishwa matunda. Ukiujua huo, huu wa Florence unakuuma zaidi. Minerva hayupo. Venus ameachwa peke yake na mikono yake miwili, na tayari anashindwa.

Jumatatu pamefungwa. Michoro imetundikwa safu juu ya safu, fremu za dhahabu zimesongamana, kwa hiyo jipeni muda macho yazoee. Mimi nilikaa chumba hicho kimoja karibu saa nzima.

Mwisho wa barua, Rubens ana wasiwasi wa fundi. Mchoro ulikuwa mbichi, na ungekaa muda mrefu ndani ya kasha njiani kwenda Florence; aliogopa rangi za ngozi na nyeupe zisigeuke manjano. Akamwomba Sustermans auanike juani mara kwa mara. Nilisogea nikaangalia bega la Venus: bado ni jeupe, na wekundu kidogo.