Utabiri wa dhoruba za sumaku wa NOAA: unamfaa nahodha wa Pemba?

Huduma hii ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, ni bure. Kipimo cha Kp, yaani kiasi cha kuvurugika kwa sumaku ya Dunia kuanzia 0 hadi 9, hutolewa kila baada ya saa tatu, kwa saa za UTC: 15:00 yao ni saa 12 jioni Mkoani. Kp 5 ndipo dhoruba inapoanza, na dhoruba huweza kuyumbisha GPS. Mei 2024 ilifika 9.

Kasoro yake kwetu tulio karibu na ikweta ni kubwa. Kp inaweza kuwa 1 tu na GPS ikayumba kati ya magharibi na saa sita usiku, hasa Machi na Septemba, kwa sababu tabaka la chembe zenye chaji juu angani hutoka mapovu. Kipokezi cha masafa mawili ya GPS, L1 na L5, hurekebisha ucheleweshaji wa mawimbi. Yakikatika kabisa, hakifui dafu. Hapo afadhali kinachosoma pia setilaiti za Galileo (za Ulaya) na BeiDou (za China).