Jeli na juisi ya alovera kutoka Kariakoo: moja naipaka mpaka leo, nyingine imenilaza chooni

Haya jamani, wiki tatu zilizopita niliingia kwenye duka moja la dawa za asili pale Kariakoo, jina nalihifadhi, ni yale maduka madogo yaliyojaa unga wa mlonge na habat soda na sabuni za mwarobaini mpaka mlangoni. Nikachukua vitu viwili, jeli ya alovera ya kupaka kopo la gramu 250 kwa 8,000, na juisi ya alovera ya kunywa lita moja kwa 18,000. Ya kunywa nilimchukulia bi mkubwa, ana sukari na presha.

Jeli kwanza maana hiyo haina maneno mengi. Nzuri. Haigandi ngozini kama gundi, na haina ile rangi ya kijani kali, na hapo ndo waliponipata, kwa sababu ukimenya jani la mshubiri (ndo alovera yenyewe) nyumbani utaona ute wa ndani hauna rangi kabisa, ni kama maji yaliyoganda, sasa jeli ya kijani kama soda ujue hiyo ni rangi ya kiwandani. Siku ya pili tu nikarukiwa na mafuta nikipika vitumbua, mkono ukawa mwekundu, nikauweka chini ya maji ya bomba dakika kama 20 (sio dawa ya meno, sio unga wa ngano, tuache hizo mambo) alafu ndo nikapaka jeli. Moto ulipoa na haikuacha alama. Ila hiyo ni kwa kuungua kidogo tu, ukiona malengelenge makubwa au imekula mpaka ndani nenda hospitali usicheze. Na kama hujawahi kupaka jaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko usubiri mpaka kesho, kuna watu inawawasha.

Sasa juisi. Lebo imeandikwa inatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume na uzazi, yaani chupa moja nyumba nzima inapona. Namba ya usajili hamna, tarehe ya kuisha hamna, kuna picha ya jani na namba ya WhatsApp basi. Nikasema ngoja nionje mwenyewe kabla sijampa mama, nikanywa nusu kikombe saa moja asubuhi, chungu hiyo sijapata kuona, saa nne tumbo linasokota kama nguo inakamuliwa na nikaharisha mpaka jioni. Siku hiyo kazini sikwenda.

Nikampigia muuzaji. Kijana mstaarabu sikatai, "Dada yangu hiyo ni kawaida, inasafisha uchafu, ni asili haina madhara." Nikamuuliza, ule utomvu wa njano mnautoa kabla ya kusaga? Akanijibu, "Utomvu gani tena dada, sisi tunasaga jani zima ndo lina nguvu."

Kumbe! Maana huo utomvu wa njano, ulioko chini ya ganda, ndo shubiri yenyewe ile tunayosema chungu kama shubiri. Una kitu kinaitwa aloini na kazi yake ni kuharisha, sio kusafisha uchafu. Marekani zamani ulikuwa unauzwa kama dawa ya kulainisha choo, mwaka 2002 FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, wakazitoa hizo dawa kwenye zile zinazouzwa bila cheti cha daktari kwa sababu kampuni hazikuleta ushahidi wa kutosha kuwa ni salama. Na wale watafiti wa saratani wa WHO, IARC, mchujo wa jani zima wameuweka kundi la 2B, yaani huenda unaleta saratani, baada ya panya walionyweshwa kupata uvimbe kwenye utumbo. Jeli ya kupaka haimo humo, msije mkatupa makopo yenu.

Bi mkubwa nilivyomwambia alicheka kweli. "Mwanangu, hiyo sisi tulikuwa tunapaka kwenye ziwa kumwachisha mtoto kunyonya, wewe umekunywa nusu kikombe?" Lakini kilichonitisha ni nesi wa kliniki yake, alisema kwa mtu anayemeza dawa ya sukari alovera inaweza kushusha sukari kupita kiasi, na mama ana kile kidonge cha presha cha kukojoza, ukijumlisha na kuharisha madini ya potasiamu yanashuka na moyo unaweza kwenda mrama. Mjamzito na anayenyonyesha ndo kabisa wasiiguse, na hiyo chupa imeandikwa uzazi!

Mshubiri tunao nyumbani Kimara, umeota kwenye kopo la rangi pembeni ya ngazi, na ukitaka ute wa kupaka hauhitaji duka. Kata jani la chini lililonenepa, lisimamishe kwenye glasi sehemu iliyokatwa ikiwa chini, uliache robo saa, utaona maji ya njano yanachuruzika, yana harufu nzito kidogo na yakigusa nguo nyeupe umeiaga. Mwaga hayo, osha jani, kata miiba ya pembeni, menya ganda lote la kijani, suuza tena. Unaobaki ndo ute wenyewe, kwenye friji nautumia siku mbili tatu tu, ukianza kubadilika rangi natupa.

Jeli nyota 4, nimekata moja kwa sababu ya manukato, wamemwaga mpaka inanuka kama saluni. Juisi nyota 0. Kijana amesema nirudishe chupa anipe hela yangu, Jumamosi naenda na risiti. Bi mkubwa alitaka iliyobaki tuwawekee kuku kwenye maji kama wanavyofanya kijijini, nimekataa, naihitaji chupa kama ushahidi.