Lanchi boksi la Dar: limepangiwa gari, si miguu

Ukishuka melini asubuhi bandari ya Dar es Salaam kwenda kutembea msitu wa Pugu, au ukipanda boti Msasani kwenda kisiwa cha Bongoyo, kuna boksi la kaki utakalokabidhiwa karibu bila kuulizwa. Vilivyomo ni vilevile, aliyeliandaa awe hoteli kubwa au kampuni ndogo ya utalii: kipande cha kuku wa kukaanga, yai la kuchemsha, sandwichi ya jibini na nyanya, ndizi moja, keki ya kikombe, juisi ya pakiti na chupa ya maji ya nusu lita. Tunalipima hapa kitu kwa kitu, na kwa jicho la mtu anayetembea kwa miguu, si la anayekaa kwenye kiti cha gari akilipakata mapajani.

Kwa wa garini boksi hili halina neno. Kwa mtembeaji tunalipatia alama nne kwa kumi, na lingefika nane kama jiko lingekubali kubadili vitu vinne tu.

Kinacholiangusha kwanza ni muda. Boksi hufungwa saa kumi alfajiri ili liwe tayari kundi likishuka. Halafu kuna ukaguzi wa bandarini, kupangana kwenye magari, na foleni ya Barabara ya Nyerere kupita uwanja wa ndege hadi Gongo la Mboto. Mpaka miguu ianze kukanyaga njia ya msituni ni saa tatu au nne, na watu hukaa kula saa saba mchana. Hapo chakula kimeshakaa muda wa saa tisa tangu kifungwe. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 au kibaki juu ya nyuzi 60. Wamarekani wanazipunguza saa hizo mbili ziwe moja hewa ikizidi nyuzi 32, na joto hilo Dar tunalijua vizuri kuanzia Januari hadi Machi.

Kwa hiyo kuku ndiye mshitakiwa namba moja. Kosa halimo kwenye kukaanga, limo kwenye kufunga. Jikoni wana haraka, wanamtoa kwenye mafuta, wanamviringisha kwenye foili akiwa bado anafuka moshi na kumfungia ndani ya boksi kwa imani kwamba atapoa njiani. Hapoi. Anabaki vuguvugu saa nyingi, na uvuguvugu ndio joto ambalo bakteria hulipenda kuliko lolote. Mvuke wake nao hauna pa kutokea: unailoweka ngozi iliyokuwa ikikatika vizuri, kisha unaupata mkate wa jirani. Ukifungua boksi ukakuta mkate umelowa upande mmoja, usiulaumu mkate.

Kuku wa kutembea naye anawezekana, ila apikwe jioni, atandazwe kwenye sinia vipande visilaliane mpaka mvuke uishe, aingie kwenye friji usiku huohuo, na atoke wa baridi kabisa alfajiri akiwa amekumbatiana na chupa ya maji iliyoganda. Jiko lisiloweza hatua zote hizo limwache. Nusu ya hatua hizo haisaidii kitu.

Yai tunalipenda, kwa sharti moja: lije na ganda lake. Dakika 10 hadi 12 kwenye maji yanayochemka, lipozwe kwenye maji safi, lifutwe likauke, lilale kwenye friji. Wapishi wengi hulimenya ili lipendeze, na hapo wameliondolea koti lake. Lenye ufa lirudishe. Na usilisubirishe hadi saa saba, liwe la kwanza kuliwa kwenye mapumziko ya mwanzo. Kinachosahaulika mara nyingi ni chumvi. Mtu anayetoka jasho kwenye unyevu wa Pwani anaihitaji hasa, na haigharimu zaidi ya kipande cha karatasi kilichosokotwa.

Sandwichi hatuitaki. Watu huisingizia mayonezi, ilhali ya dukani ina siki ya kutosha kujitetea kwa muda. Mharibifu ni nyanya. Kipande cha nyanya kikishapakwa chumvi huanza kutoa maji, na kufika saa tano mkate umekuwa uji. Badala yake, na hili ndilo badiliko lenye faida kubwa kuliko yote, omba chapati. Tunasema chapati ya kusukuma, yenye matabaka, iliyokaangwa kwa mafuta kidogo. Ya maji ni laini mno na hukatika ikikunjwa. Ikitoka jikoni itandazwe kwenye ungo dakika kama 15, ndipo ikunjwe, iingie kwenye karatasi ya kaki na kitambaa safi juu yake. Kuifunga kwenye foili ikiwa bado ya moto ni kosa lilelile la kuku: inatoka jasho, na ukiifungua imenata kama gundi. Chapati mbili kwa mtu zinatosha. Ukitaka cha kutia ndani, siagi ya karanga haina shida na joto. Maharage yana shida, hata yakiwa makavu kiasi gani.

Wapo siku hizi wanaotoa boksi walilolipachika sifa ya chakula cha Kiswahili: wali wa nazi au pilau, kuku wa mchuzi na kachumbari pembeni. Kwa ladha linaliacha mbali lile la sandwichi. Kwa kubeba begani ndilo baya kuliko yote. Mchele huja na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo haziuawi na kuchemsha. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinazaana, na zinatoa sumu ambayo hata ukipasha upya haiondoki. Tui la nazi nalo huchacha upesi. Matokeo yake ni kutapika saa chache tu baada ya kula, na ndani ya msitu wa Pugu hakuna choo kila kona. Vitumbua na mkate wa kumimina vinaingia kundi hilohilo: mchele, nazi, unyevu. Viliwe asubuhi na chai, mambo yaishe. Na kwa kuwa kila kundi halikosi mtu wa kuuliza kuhusu zege: hapana. Chipsi mayai ni chakula cha kusimama nacho kibandani dakika ile ile.

Ndizi ni nzuri ila huwekwa chini ya juisi. Kama ni kisukari, ganda lake ni jembamba, hivyo ikae juu kabisa au ibebwe mkononi na iliwe mapema. Chungwa linamshinda ndizi, mradi lisiwe limeshamenywa. Yale ya barabarani yaliyokwanguliwa ganda la kijani ni ya kula papo hapo. Ukiyatia kwenye begi yanavuja na kunata kila kitu. Keki ya kikombe iondoke tu, inasagika na kuongeza kiu. Kashata ya karanga au tende sita zinatoa nguvu ileile ya sukari kwa nafasi ndogo zaidi. Ubuyu wa rangi tunaupenda sana, lakini vidole vyekundu na kamera haviendi pamoja.

Maji ndiyo aibu kubwa ya boksi hili. Nusu lita! Hesabu ya kawaida ya mtembeaji kwenye joto ni nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na kwa siku nzima lita tatu kwa kila mtu. Ongeza nusu lita ya kunawa, kwa sababu Pugu wengi huenda kuliona pango la popo kwenye machimbo ya zamani ya kaolini, na mikono iliyoshika kuta za pango lenye kinyesi cha popo haipaswi kushika chapati kabla ya sabuni. Ndani ya pango msile chochote kabisa. Chupa moja kati ya hizo igandishwe usiku, lakini isijazwe hadi mdomoni: maji yakiganda hutanuka kwa karibu sehemu moja ya kumi, na chupa iliyojaa hupasuka au hung'oa kifuniko. Chupa hiyo ndiyo barafu ya kulinda mayai, na ikifika saa sita ni maji baridi ya kunywa. Pakiti ya juisi haifanyi kazi hata moja kati ya hizo mbili.

Lenyewe boksi kama boksi? Kaki ni nyenzo nzuri wakati wa kiangazi. Inapumua, na ukimaliza haikuachii mzigo mzito. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, kitako chake hulainika na kuachia. Tena halina mpini, na kwenye mteremko wenye mizizi unahitaji mikono yote miwili. Hamisha vitu kwenye kontena lenye kifuniko cha kubana, litie ndani ya begi la mgongoni, na boksi libaki garini.

Usije ukavihamishia vitu hivyo kwenye mfuko wa plastiki. Tanzania Bara iliipiga marufuku mifuko hiyo tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar iliitangulia kwa miaka mingi. Abiria anayeteremka na mkate wake ndani ya mfuko wa plastiki ataambiwa auache pale pale anapoingilia. Ile mifuko midogo ya kubana imeruhusiwa kwa vitu vya kuogea vya mgeni, na anatakiwa aondoke nayo. Karanga hazihesabiki kuwa kitu cha kuogea. Kitambaa, kaki au kontena havimletei mtu maneno.

Na wale wanaotaka kukwepa boksi kwa kuchota meza ya chakula cha asubuhi melini? Meli nyingi zinakataza, na si uchoyo. Norovirus, kirusi cha kutapika na kuharisha, ikiingia ndani ya meli husambaa haraka mno, ndiyo maana wanalinda vyakula vya mezani na mikono inayovigusa. Sababu ya pili ni sheria za nchi unayoshukia. Australia na New Zealand zinajulikana kwa ukali: New Zealand hutoza faini ya papo hapo ya dola 400 za kwao kwa tunda ambalo hukulitaja. Kwetu kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na tunda bichi kutoka nje ni jambo lao. Epo la melini libaki melini. Kilichofungwa kiwandani na hakijafunguliwa, kama biskuti au korosho za pakiti, kwa kawaida hakina tatizo. Ila kubeba korosho kutoka ng'ambo kuja nchi ya Mtwara na Lindi ni kichekesho kidogo.

Mwenye saa moja ya ziada asubuhi anaweza kuliacha boksi kabisa. Soko la Kisutu liko katikati ya jiji, si mbali na bandari, na matunda yapo. Chapati na bagia hupatikana kwa mama lishe tangu alfajiri, na faida yake ni kwamba zimetoka jikoni saa moja iliyopita, si saa tisa zilizopita. Bagia nne zinafaa kwa kituo cha kwanza, bila chatini ya nazi. Ongeza gramu 100 za karanga au korosho za kukaanga, machungwa mawili, tende na zile chapati mbili. Sambusa ya nyama uile ukiwa umesimama hapo hapo.

Visiwani hesabu hubadilika. Bongoyo ni kama nusu saa kwa boti, na samaki wa kukaanga hupatikana ufukweni kama ilivyo kisiwa jirani cha Mbudya, kwa hiyo beba karanga, matunda na maji tu. Maji usiyapunguze. Visiwa hivi ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, kila ulichoshuka nacho urudi nacho, pamoja na maganda ya mayai. Na usiache boksi wazi mchangani ukaenda kuogelea. Kunguru wa Dar wanalifahamu boksi la kaki kuliko wewe, na huanza na yai.

Ukiagiza, piga simu jikoni jana yake kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa sababu baada ya hapo jiko limeshapanga maboksi ya alfajiri. Maneno yenyewe ni machache: kuku asiwepo, sandwichi iwe chapati iliyopoa, yai lisimenywe, chupa moja igandishwe. Wakikujibu kwamba boksi ni moja kwa wote na halibadilishwi, lipokee, kuku na sandwichi mvile kwenye gari mkiwa bado hamjavuka makutano ya Tazara, na chapati nunueni Gongo la Mboto.