Begi la kulalia la "nyuzi -4": nililalia nambari ya mtu mwengine

Nililinunua Darajani, mitumbani, shilingi 65,000 baada ya kuvutana bei jua zima. Manyoya ya bata ndani, jepesi, zipu haijakwama hata mara moja. Ubavuni limeandikwa -4 kwa tarakimu za kusomeka ng'ambo ya barabara. Nikajiambia, Kilimanjaro naiweza.

Bi mkubwa alilipapasa sebuleni akacheka. "Utaiva humu, mwanangu." Na kweli, nilipolijaribu Jambiani mwezi wa Julai, kusi linavuma, nyuzi kama 23, sikumaliza nusu saa. Nikalifungua zipu yote, nikajifunika kama shuka.

Mlimani ikawa hadithi nyengine. Kambi ya Horombo, mita 3,720, nilisinzia kwa soksi pea mbili. Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, mita 4,720, kipimajoto cha mwenzangu kilionesha -6, na mie meno yaligongana mpaka saa tano usiku tulipoamshwa kupanda. Asubuhi yake, tukiteremka, mwongozaji akaniuliza: "Dada, lebo ya ndani uliisoma?"

Sikuisoma. Kumbe nambari ni tatu: 1, -4 na -21.

Zinatokana na ISO 23537, kipimo cha kimataifa cha mabegi ya kulalia. Sanamu la mtu lenye vipasha joto na vihisio huvishwa nguo za ndani za mikono mirefu na soksi, likalazwa ndani ya begi juu ya mkeka wa kulalia, kwenye chumba cha baridi. Nambari ya kwanza ni baridi ambayo mwanamke wa kawaida hulala amejinyoosha, raha mustarehe. Ya pili ni ya mwanamme aliyejikunja kama jongoo aliyeguswa, ila bado hajaamka kwa baridi. Ya tatu msiihesabu kabisa: hapo mwanamke anatarajiwa kunusurika saa sita tu, na mwili unaweza kupoa kupita kiasi. Si usingizi huo.

Kwa hiyo ile -4 ya ubavuni ilikuwa ya bwana mmoja aliyejikunja. Yangu ilikuwa 1. Na hiyo ni kwa begi jipya. Langu la mtumba, manyoya yameshalala, na nguo nilizolalia zilikuwa na jasho la mchana kutwa. Hapo lawama ni yangu.

Begi lenyewe silichukii. Kwa kambi za pwani linatosha na kuzidi. Tabu yake ni unyevu wa kwetu: manyoya yakirowa hushikana na joto hupotea, kwa hiyo nalianika kila baada ya safari, halafu nalitundika kabatini. Mfuko wake mdogo ni wa safarini tu. Likibanwa miezi, manyoya hayafumuki tena vizuri.

Nikirudi Kibo nitakodi mjini Moshi begi lenye nambari ya kwanza -7 au chini zaidi. Hili bi mkubwa keshaliwekea nafasi, anataka kulitandikia wageni wa Idi.